Kuandika kama ibada: Mkristo anayeshika kalamu anadaiwa nini?

#1 – Mleta mada

Wakuu, Bwana asifiwe. Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nasoma sana maandishi ya watu wanaoandika kwa msukumo wa imani: tafakari za asubuhi, shuhuda, mashairi, hadithi, maigizo ya Pasaka. Ari ipo, tena kubwa. Ila kuna fikra imeota mizizi kati yetu na mimi naiona ina madhara. Fikra yenyewe ni hii: andiko linakuwa la Kikristo kwa wingi wa mistari ya Biblia iliyotiwa ndani yake, na aliyeandika kwa imani hana haja ya kuhangaika na ufundi kwa sababu Roho keshafanya kazi.

Mimi nasema hapana. Imani ya mwandishi huonekana kwanza katika ukweli wake, kisha katika jasho lake. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema, huku wazima wakiwaacha zizini. Sentensi ya ovyo ambayo mtu angeweza kuinyoosha, lakini akaiacha kwa kuwa "ni ya Bwana tu", kwangu mimi ni mnyama kilema.

Angalieni jinsi Biblia yenyewe ilivyoandikwa. Luka anaanza Injili yake kwa kumweleza Theofilo kwamba wengi wameshaandika habari hizi, na kwamba yeye amejitafutia kwa usahihi mambo yote tangu mwanzo ili ayaandike kwa taratibu. Hasemi alifumba macho na kalamu ikatembea yenyewe. Alifuatilia habari, akazichuja, akazipanga. Ni kazi ileile ya mtafiti yeyote makini, na kanisa likapokea matunda yake kuwa Neno la Mungu.

Au Zaburi ya 119. Ina aya 176 kwa sababu alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22, na mtunzi aliipa kila herufi aya nane, zote nane zikianza kwa herufi hiyo. Hakuna anayefanya hivyo kwa bahati.

Maombolezo ndiyo hunigusa zaidi. Mji umechomwa, hekalu limebomolewa, watoto wanakufa njaa mikononi mwa mama zao, na katikati ya maafa hayo mtu anatunga kwa mpangilio wa alfabeti. Sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina aya 22 kila moja, herufi kwa herufi. Ya tatu ina 66, aya tatu kwa kila herufi. Ya tano ina 22 vilevile, lakini mpangilio wa herufi umetoweka, na wala hatujui kama mtunzi alichoka au aliamua kuuachia uchungu uende wenyewe. Mimi naona huyu mtu alikuwa akishikilia umbo la shairi kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa kimebomoka. Ufundi haukupunguza machozi yake. Ulimsaidia kuyafikisha kwa Mungu na kwetu.

Walioonja utunzi wa tenzi wataelewa haraka: mizani minane kila kipande, na kina cha kipande cha nne hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mathias Mnyampala alipotunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi hakujipa ruhusa ya kuvunja kina eti kwa kuwa habari ni takatifu. Utakatifu wa habari ndio uliomdai kina.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia uwanja. Kitabu cha Esta katika maandiko ya Kiebrania hakitaji jina la Mungu hata mara moja, na bado kimo katika Biblia. Kwa hiyo hesabu ya mara ngapi umemtaja haiwezi kuwa kipimo.

Karibuni. Mnaokubali na mnaopinga, wote.

#2 – Mhubiri wa Jioni

Mleta mada, umeandika vizuri, lakini naona hatari. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba neno lake halikuwa la hekima yenye kushawishi, bali dalili za Roho na za nguvu. Tukianza kuwabebesha watu mizigo ya mizani na vina, mama wa kijiwe cha maombi aliyeponywa ataogopa kuandika ushuhuda wake. Mungu hutumia vyombo dhaifu. Mimi mwenyewe huandika mahubiri usiku nikiwa kwenye maombi na sibadilishi neno hata moja, kwa kuogopa kugusa kile nilichopewa.

#3 – Mleta mada

Mtumishi, hoja yako ina uzito na nashukuru umeileta mapema.

Kwanza, Paulo huyohuyo, katika waraka huohuo, ndiye aliyeandika sura ya 13 juu ya upendo. Isome kwa sauti uone inavyopanda na kushuka, inavyorudia na kukatiza. Alichokikataa pale Korintho ni kuwashika watu kwa madoido ili wamsifu msemaji. Hakukataa kusema vizuri. Tena mwishoni mwa Warumi anajitokeza mtu aitwaye Tertio na kusalimu: yeye ndiye aliyeshika kalamu. Waraka mzito kuliko nyaraka zote za Paulo ulipita katika mkono wa mwandishi mwingine, na hapakuwa na aliyesema Roho amepungua.

Pili, Yeremia 36. Yeremia anatamka, Baruku anaandika kwa wino. Gombo linasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, naye analikata kwa kisu kipande baada ya kipande na kulitupa motoni mpaka linaisha lote. Mungu anaagiza liandikwe upya. Sura inafungwa kwa kusema Baruku aliandika maneno yote ya gombo lililoteketea, kisha yakaongezwa maneno mengine mengi ya namna ileile. Hapo mtumishi unaona andiko lililotoka kwa Mungu likiandikwa mara ya pili na kuwa refu kuliko la kwanza. Kugusa tena ulichopewa si dharau. Roho aliyekuwa nawe usiku wa maombi yupo pia asubuhi unapokisoma tena na kugundua sentensi ya tatu inaweza kumpotosha mtu.

Kuhusu yule mama, tuko pamoja kabisa. Simdai mizani. Namdai ukweli, na huo anao kuliko sisi wengi. Jasho ninalolisema hupimwa kwa uwezo wa mtu: ukijua kusoma tena na kurekebisha, rekebisha. Ukiwa hujui, mpe anayejua, kama Paulo alivyokuwa na Tertio.

#4 – Hadithi Fupi

Mimi naandika riwaya. Mhusika wangu mkuu ni mlevi, anampiga mkewe, na hatubu mpaka kitabu kinaisha. Mzee wa kanisa aliyesoma mswada aliniambia niongeze sura aokoke, la sivyo sijaandika kama Mkristo. Nimekwama miezi mingi sasa. Mleta mada unasemaje? Hadithi ya kubuni si uongo tayari?

#5 – Mleta mada

Ndugu yangu, kama kubuni kungekuwa uongo, mifano ya Bwana wetu tungeiweka wapi? Mpanzi, mwana mpotevu, kadhi asiyemcha Mungu: ni hadithi za kutungwa, na kweli iliyomo ndani yake imewashika watu karne hadi karne. Nathani alipotumwa kwa Daudi baada ya habari ya Bathsheba hakuanza na amri za Musa. Alianza na hadithi ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Daudi akamhukumu tajiri wa kwenye hadithi kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe. Hapo hadithi ilifika mahali ambapo shutuma ya moja kwa moja isingefika.

Kuhusu mhusika asiyetubu, tazama mwana mpotevu vizuri. Bwana anaiacha hadithi wakati kaka mkubwa amesimama nje, baba anamsihi, na hatuambiwi kama aliingia. Mfano wa wakili dhalimu katika Luka 16 ndio unaotatiza zaidi: mtu anaghushi hati za madeni na bwana wake anamsifu. Kitabu cha Waamuzi sura ya 19 kinasimulia unyama ambao wengi hatuthubutu kuusoma kanisani, na msimulizi hapozi kitu. Biblia haijawahi kuogopa kumuonyesha mtu kama alivyo.

Ukimwokoa mlevi wako katika sura iliyoongezwa kwa agizo, msomaji atajua. Atajua zaidi yule mwanamke anayeishi na mtu wa aina hiyo, aliyeomba miaka yote na bado hajaona badiliko. Huyo utakuwa umemwambia maombi yake yana kasoro. Uongo wa namna hiyo unaumiza.

John Bunyan alikumbana na jambo lako. Alifungwa Bedford, Uingereza, kuanzia 1660, akakaa gerezani miaka kama 12 kwa kuhubiri bila idhini, na angeachiwa kama angekubali kunyamaza. Alipoandika safari ya Mkristo kutoka mji wa maangamizi, ikiwa njozi na majitu na mabonde, aliwaonyesha rafiki zake. Wengine walimwambia achape, wengine wakasema asichape. Yeye mwenyewe anaeleza hivyo katika beti za utangulizi. Mwisho akaamua kuchapa, mwaka 1678. Wale waliomkataza walikuwa watu wema, wenye hofu ileile ya mzee wako.

Ila nikuulize na mimi: unampenda huyo mlevi? Sisemi unayakubali matendo yake. Nasema, je, unamuona bado ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, au umemweka tu ili tumchukie? Kama unampenda, andika mpaka mwisho wako mwenyewe.

#6 – Hadithi Fupi

Nampenda. Baba yangu alikuwa hivyo. Asante sana, mkuu. Naurudia mswada wiki hii.

#7 – Mwanakwaya

Natunga nyimbo za kwaya. Siku hizi wenzangu wanatumia programu za akili mnemba. Unaandika "nitungie wimbo wa shukrani wa beti nne", unaletewa. Katekista wetu naye anapata tafakari humo kila wiki na watu wanabarikiwa. Je, kuna ubaya? Si sawa tu na Paulo kumtumia Tertio?

#8 – Mleta mada

Swali zuri, na sitakuwa mrefu. Tertio alichukua kilichokuwa kimeshapita katika moyo wa Paulo: kupigwa kwake, huzuni yake kwa ajili ya Waisraeli ndugu zake, hamu ya kufika Rumi. Kalamu ilikuwa ya Tertio, maisha yalikuwa ya Paulo. Programu inakupa hata kile cha kusema. Wimbo wa shukrani usiotoka kwa mtu anayeshukuru unaweza kuwa na vina kamili na bado hakuna aliyeshukuru.

Kukagua tahajia, kutafuta aya uliyoisahau ipo sura gani, hayo sioni tatizo. Lakini kama tunakubali kwamba kuandika ni ibada, basi sehemu yenye ibada ni ileile ngumu: kukaa na ukurasa mtupu, kujiuliza naamini nini hasa, kufuta, kuanza tena. Ukiikabidhi hiyo, umebaki na karatasi yenye maneno mazuri. Na katekista, kwa heshima zote, waumini wanayo haki ya kujua kama anayewafundisha amelipitia andiko mwenyewe kwa magoti.

#9 – Mhubiri wa Jioni

Hapa tupo pamoja, mleta mada. Na suala la Baruku limenifanya nifungue daftari la mahubiri ya mwaka jana. Kuna mahali nimeona inabidi niandike upya.

#10 – Kalamu Kimya

Nawasoma kwa muda mrefu, leo nachangia. Nina madaftari ya maombi yaliyoandikwa tangu nikiwa kijana. Hakuna aliyeyasoma. Mengine yana maneno makali kwa Mungu, niliyaandika baada ya kufiwa na mtoto. Nimefikiria kuyachoma nisije nikafa watu wakayakuta wakasema sikuwa na imani. Na hata nisipoyachoma, maandishi yasiyosomwa na mtu ni huduma gani?

#11 – Mleta mada

Pole sana, ndugu yangu. Pole kwa mtoto.

Tafadhali usichome. Fungua Zaburi ya 88 usome mpaka mwisho. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mahali fulani na kumalizikia kwenye sifa. Hii haigeuki. Inalia tangu mwanzo, inamuuliza Mungu kwa nini anauficha uso wake, na inakwishia gizani. Wana wa Kora waliimba hiyo mbele za Bwana, na waliokusanya Zaburi hawakuiondoa wala hawakuibandika mstari wa faraja mwishoni. Maneno yako makali uliyaandika kwa nani? Kwa Mungu. Mtu asiyeamini hana wa kumwandikia.

Kuhusu maandishi yasiyosomwa, nina mtu wa kukusimulia. Gerard Manley Hopkins alikuwa mshairi wa Kiingereza. Alipoamua kujiunga na Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, mwaka 1868 aliyachoma mashairi yake, akiona hayaendani na wito wake, akakaa kama miaka saba bila kutunga karibu chochote. Desemba 1875 meli iitwayo Deutschland ilipasuka karibu na mlango wa mto Thames, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo masista watano Wafransisko waliofukuzwa Ujerumani. Mkuu wake akasema angependa mtu aandike shairi juu ya msiba ule. Hopkins akaandika, na kile kimya kikapasuka. Jarida la Wajesuiti wenzake halikulichapa. Aliendelea kutunga, akiwatumia rafiki wachache kwa barua, zikiwamo soneti (mashairi ya mistari 14) za mwishoni zilizojaa giza kama la Zaburi ya 88. Alifariki 1889. Kitabu cha mashairi yake kilitoka 1918, miaka 29 baadaye, kwa mkono wa rafiki yake Robert Bridges. Leo watu waliofika mahali pasipo na mwanga wanasali kwa maneno yake.

Sikuahidi kwamba na yako yatachapwa. Hopkins mwenyewe hakujua. Nimemleta kwa sababu alitunga akiwa na msomaji mmoja ambaye alijua anasoma, na hilo lilimtosha kuipa kila silabi haki yake. Daftari lako lina msomaji huyo tayari.

Na Perpetua wa Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 203. Binti wa miaka kama 22, ana mtoto anayenyonya, yuko gerezani kwa kukataa kumkana Kristo. Aliandika shajara: giza la gereza, joto, hofu juu ya mtoto, baba yake mzee akimpigia magoti amsihi akane. Hafichi kwamba alimuonea baba huruma. Siku moja kabla ya kuingizwa uwanjani alimaliza kwa kusema kitakachotokea huko, anayetaka na akiandike. Hakuwa na njia ya kujua kama karatasi zile zingetoka gerezani.

Kama unaogopa watakaoyakuta, andika ukurasa mmoja wa mbele: sema ni maombi, sema yaliandikwa kipindi gani, sema wayasome kama maombi.

#12 – Kalamu Kimya

Nimesoma Zaburi ya 88. Sikuwahi kuisikia ikisomwa ibadani hata siku moja. Sitachoma.

#13 – Mama wa Watatu

Shalom wapendwa. Mwanangu mleta mada, Mungu akubariki. Mimi nina swali la vitendo. Nimeandika ushuhuda wa jinsi Bwana alivyonivusha kwenye ndoa iliyovunjika. Kanisa linataka kuuweka kwenye kijitabu. Sasa, umesema ukweli kwanza. Ukweli wote unamhusu mtu ambaye yuko hai, na watoto wangu wana jina lake. Niandike vyote?

#14 – Mleta mada

Shikamoo mama. Asante kwa kuuliza kabla kijitabu hakijatoka.

Ukweli haudai kila kitu. Unadai kwamba kila ulichokiandika kiwe kweli. Ni mambo mawili tofauti, na shuhuda nyingi zinaharibika hapo. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliandika Maungamo, kitabu cha maisha yake, mwishoni mwa karne ya nne, na mwanamke aliyeishi naye miaka mingi na kumzalia mtoto hakumtaja jina. Anasema moyo wake ulijeruhiwa na kutoka damu walipotenganishwa. Dhambi anayoianika bila huruma ni yake mwenyewe.

Ningekuwa wewe, mama, ningepitia andiko na kalamu nyekundu, nikiuliza kila aya: hili ni langu kulisimulia, au ni la mtu mwingine? Ulivyoogopa, ulivyoomba, ulivyokaa bila usingizi, aliyekushika mkono, pale ulipomkasirikia Mungu: hayo yote ni yako, yaandike bila kupunguza. Aliyoyafanya yeye, bakiza yale tu ambayo bila hayo msomaji hataelewa ulivushwa kutoka wapi, na uyaseme kwa sentensi fupi zisizo na kisasi. Ila kama kulikuwa na vipigo au hatari, usiifiche hatari hiyo kwa ajili ya heshima ya mtu, maana yupo atakayesoma akiwa ndani ya hatari kama hiyo, na anahitaji kujua kwamba kuondoka haikuwa kumkosea Mungu.

Watoto, kama wamefikia umri wa kuelewa, wape wasome kabla ya kanisa. Wakikuomba uondoe jambo, liondoe hata kama ni aya uliyoipenda kuliko zote. Na mwombe anayehariri kijitabu asiongeze neno bila wewe kuliona, kwani wahariri wa kanisa hupenda kumalizia kwa ushindi mkubwa kuliko ule mtu alioupata.

#15 – Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu. Mkubwa wangu ana miaka 19, nitampa leo jioni. Kuna aya mbili najua atazikataa, na nikisema kweli, zile mbili niliziandika nikiwa na hasira. Naanza kuzitoa sasa hivi kabla hajafika.